Sauti Isiyokuwa na Santuri

Kwa miaka mitatu nilibishana na fundi mmoja wa kushona juu ya jambo moja, na kwa miaka mitatu nilishindwa. Jambo lenyewe lilikuwa hili: nani ana sauti bora kuliko waimbaji wote. Siandiki haya ili niushinde ubishi huo sasa, wakati fundi hayupo kunijibu. Nataka kueleza tu jinsi nilivyoshindwa, hatua kwa hatua, kwa sababu hata leo nikikumbuka hunikera.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa karani katika ghala la mahindi Kitale, si mbali na stesheni. Saa ya chakula cha mchana nilivuka barabara mpaka duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, taa za chemli na santuri. Kwenye veranda ya duka palikuwa na cherehani tatu, na aliyekaa kwenye ile ya katikati ndiye fundi ninayemsema. Alikuwa mtu wa Mombasa, Mwislamu, aliyekuja Kitale wakati wa vita akakaa. Alishona kaptura za kaki za askari wa mashamba na kanzu za watu wa msikitini, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kubadilisha sindano ya gramafoni ya dukani. Mwenye duka aliacha ipigwe mchana kutwa kwa kuwa ilileta watu.

Fundi aliuendesha ubishi ule kama kesi. Ukimtaja mwimbaji, ulitafuta santuri yake, ikawekwa, cherehani zote tatu zikasimama. Hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka sindano ifike mwisho. Kisha ulitoa sababu zako: pumzi yake ikoje, maneno yanasikika, au anajificha nyuma ya vyombo. Kusema “mimi nampenda” hakukuhesabiwa. Utaratibu huo niliupenda, na ndiyo maana niliendelea kwenda.

Fundi mwenyewe alimtetea bibi mmoja wa Unguja aliyeimba taarabu. Fundi wa cherehani ya kushoto alimshikilia mpiga gita mmoja aliyekuwa askari Burma, aliyeimba juu ya treni na wanawake wasioaminika. Alikuwako pia mpagazi wa stesheni, mtu wa Kimilili, ambaye alitaka waimbaji wa Kongo tu. Aliulizwa wanasema nini.

“Mimi sijui hata neno moja, bana,” alisema. “Ndiyo maana siwezi kukasirika nao.”

Siku niliyomtaja mjomba wangu, ndugu wa mama, fundi alinyoosha mkono.

“Santuri yake iko wapi?”

Nikasema hana santuri. Ni mkulima wa Kamukuywa, anapiga litungu, chombo chetu cha nyuzi saba, na watu humwita kwenye harusi na matanga. Nikaeleza jinsi anavyoanza chini kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani, na bado kila neno linamfikia aliyekaa mwisho wa uwanja. Nikaeleza anavyoweza kushika sauti moja bila kuitikisa huku vidole vikiendelea na safari yao, na jinsi watu wanaokunywa busaa, pombe yetu ya nafaka, wanavyosahau mirija mdomoni. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho.

“Bwana karani,” akasema, “mimi nina shangazi kule Mombasa anayeimba kushinda wote hawa. Kila aliyekaa hapa ana mjomba au shangazi. Tukiwafungulia hao mlango, hatutaufunga tena.”

Hilo ndilo lililoniudhi: alikuwa sawa. Ningekuwa mimi ndiye mwamuzi, ningesema vilevile.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kumtaja mjomba, ambayo sikuisema pale verandani. Mjomba alikuwa akikohoa kwa mwaka mzima. Hospitalini walimpa dawa ya kifua, ikamsaidia kidogo, kisha kikohozi kikarudi. Krismasi ile nilimsikia akiimba na nikagundua kwamba sauti za juu anazigusa na kuziacha haraka, kama sufuria ya moto. Hakuna mwingine aliyelitambua. Mimi nilitambua, kwa kuwa nilikuwa nikimsikiliza tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nilijua kwamba sauti ile ilikuwa inaondoka, na ikiondoka kabla ya kunaswa, basi itakuwa kama haikuwahi kuwako.

Ndipo tukasikia kwamba kampuni moja ya Nairobi italeta mtambo wa kunasa sauti Bungoma, katika ukumbi karibu na soko, kwa siku mbili. Yeyote angeweza kuimba. Watakaofaa watatolewa santuri, nazo zitauzwa madukani. Sharti lilikuwa moja: wimbo usizidi dakika tatu, kwa sababu upande mmoja wa santuri haubebi zaidi ya hapo.

Niliomba likizo, nikaazima saa ya mkono kwa karani mwenzangu, nikapanda basi kwenda Kamukuywa siku tano kabla.

Mjomba alifurahi, ila sharti lile lilimshangaza.

“Dakika tatu? Huo ni wimbo au chafya?”

Tulikaa nyumbani kwake, yeye na litungu lake, mimi na saa, na mke wake akipukuchua maharagwe kando yetu. Tulichagua wimbo wake juu ya mtu aliyerudi kutoka shamba la mzungu baada ya miaka mingi, akakuta mbwa wake mwenyewe anamfukuza. Mara ya kwanza ulichukua dakika kumi na moja. Tulipunguza. Tuliondoa safari ya kwenda, tukaondoa ugomvi na nyapara, tukabakiza kurudi na mbwa. Siku ya nne aliumaliza kwa dakika tatu kasoro sekunde chache, akarudia, ukatoka vilevile. Na sauti ilikuwa nzuri. Ukavu uliokuja na kikohozi ulikuwa umeupa wimbo kitu ambacho haukuwa nacho kabla. Mke wake alisema sasa mumewe amekuwa kama treni, anafika saa yake.

Nilikuwa na furaha kupita kiasi, na hapo ndipo nilipokosea. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilisimama nje nikawaambia wote. Nilisema mjomba anakwenda kuingia kwenye santuri, itasikika Kitale na Nairobi, yeyote anayetaka kushuhudia aje Bungoma. Nilitaka umati. Nilitaka pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba nilitunga. Wakaja kama ishirini. Miongoni mwao walikuwa wakwe zake, baba na mama wa kijana aliyemwoa binti yake, ambao mimi mwenyewe nilikwenda kuwaalika mpaka kwao.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Fundi wa mitambo alikuwa kijana mpole wa Nairobi aliyevaa visikizio masikioni. Alimweleza mjomba kwamba taa nyekundu ikiwaka aanze, na ikizimika basi muda umekwisha. Mjomba akakaa, akaegemeza litungu pajani. Niliwapa wakwe zake viti vya mbele kabisa, mahali pa heshima.

Taa ikawaka. Nyuzi zikaanza. Nilitazama saa, nikamtazama yeye, nikaona ameinua macho na kuwaona wakwe zake.

Kwetu, mpiga litungu haanzi habari yake huku mtu wa heshima ameketi mbele yake hajatajwa. Atamwimbia kwanza: ukoo wake, baba zake, wema wake. Kumpita mkwe kimya ni kumtukana mbele za watu. Jambo hili nalijua kama ninavyojua njia ya nyumbani. Lakini siku zote nne za mazoezi mle ndani tulikuwa mimi na mke wake tu, na hakuna anayemwimbia sifa mpwa wake na mkewe. Kwa hiyo sikuliwaza hata kidogo.

Akamwimba baba mkwe. Akaimba ukoo wake, kilima wanachokaa, fahali aliyechinjwa siku ya harusi na rangi ya fahali huyo. Akamwimba mama mkwe. Akamwimba mzee wa kanisa aliyekaa nyuma yao. Niliinua saa juu ili aione, nikaigonga kwa kidole. Akanitazama kwa upendo, akaniingiza na mimi, mpwa wake msomi aliyeleta watu wote hawa. Kisha akavuta pumzi ndefu kuanza habari ya mtu aliyerudi nyumbani, na taa ikazimika.

“Mzee, hizo zilikuwa salamu,” fundi wa mitambo alisema. “Wimbo uko wapi?”

“Ndio unaanza sasa,” mjomba akamjibu.

Kila mtu alikuwa na nafasi mbili. Niliomba watu wote watoke nje, wageni wetu pia, fundi akakubali. Nilikwenda kwa baba mkwe nikamwomba kwa unyenyekevu wote. Aliniuliza kama nimemtoa kwake ili aje kukaa nje na punda. Akatoka, lakini alitoka polepole, na mjomba aliuona uso wake.

Mara ya pili tulikuwa watatu tu. Taa ikawaka. Mjomba akaanza kwa kuwaomba radhi waliotolewa nje, kwa wimbo, ingawa ukuta ulikuwa kati yao. Kisha akamgeukia fundi wa mitambo. Kumbe wakati mimi nawabembeleza wakwe, yeye alikuwa amemuuliza kijana yule kwao ni wapi na baba yake ni nani, kwa kuwa sasa yeye ndiye mgeni wa heshima pekee aliyebaki. Akamwimba. Akaimba na mtambo wake, akausifu kwamba una sikio lisilochoka. Kijana alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa ukizunguka hewani kumharakisha. Mtu wa wimbo alifika karibu na boma lake, mbwa akabweka mara moja, taa ikazimika.

Fundi alivua visikizio. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa niliyasikia kwa masikio yangu: “Hii ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizopata leo. Lakini siwezi kuuza salamu.”

Watu wakarudi ndani, na aliyefuata alikuwa kijana wa Kimilili mwenye gita. Hakumtazama mtu yeyote ukumbini. Aliimba juu ya viatu vyake vipya, kwa sauti ya puani iliyopotea kila alipopanda juu, akamaliza muda ukiwa umebaki, akaambiwa asante.

Ndani ya basi nilikaa na mjomba nikiwa nimenuna. Tulipofika nusu ya njia nilishindwa kunyamaza.

“Mjomba, ungewasalimu tukirudi nyumbani.”

“Na pale wangekaa mbele yangu kama magunia ya ghala lako?”

Hakuwa na huzuni hata chembe. Kwake yeye siku ilikuwa nzuri. Alikuwa amemsifu mkwe wake mbele ya mtambo wa Nairobi, na mkwe, aliyekaa viti viwili mbele yetu, uso ulikuwa umemkunjuka na alikuwa akimsimulia kondakta habari ya fahali. Mimi peke yangu ndiye niliyepoteza kitu. Na nilikuwa nimekipoteza kwa mikono yangu, kwa kualika watu na kuwapanga viti.

Mwaka uliofuata mtambo ulirudi Bungoma. Nilipofika Kamukuywa kumwambia mjomba, alinipokea kwa kunong'ona. Kifua kilikuwa kimeishika sauti yote. Litungu alilipiga vizuri kama kawaida, lakini hakuweza kumaliza mstari mmoja, na baada ya kujaribu mara mbili mke wake alinitazama kwa namna iliyonifanya nirudishe saa mfukoni. Nilirudi Kitale bila kukaa hata siku moja.

Juma hilohilo nilikuta santuri ya kijana wa viatu iko dukani. Fundi alikuwa ameniwekea. Alisimamisha cherehani zote, akabadilisha sindano, akaipiga mpaka mwisho kwa heshima kamili. Wakajadili. Mpagazi, aliyekuwa hamtaki mtu asiye wa Kongo, alisema huyu ndiye sauti ya upande wetu. Fundi wa kushoto alikubali. Fundi mwenyewe alisema pumzi ni fupi, lakini maneno yanasikika, na angalau sasa watu wa Bungoma wana mtu wa kumtaja. Akanipa hongera.

Nikasema huyo siye. Nikasema nilikuwa ukumbini, na aliyeimba kabla yake alimshinda mara kumi, na fundi wa mitambo mwenyewe alikiri. Nilikuwa nimeanza kupaza sauti. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza.

“Si utuimbie wewe, karani,” mpagazi akasema. “Hata kidogo tu.”

Nilipaswa kukataa. Sijui kuimba, sijawahi kujua. Lakini nilikuwa na wimbo wote kichwani, kila kituo cha pumzi, kila mahali alipopunguza mwendo. Nilidhani kama nikiufuata kwa uangalifu, jinsi ninavyofuata orodha, kitu fulani cha mjomba kitapita ndani yangu na wao watakisikia. Nikasimama pale verandani, mikono ubavuni, nikaimba habari ya mtu na mbwa wake. Nilisikia mwenyewe sauti yangu ikikwaruza. Mpagazi aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Sikuacha. Niliimba wimbo mzima.

Fundi hakucheka. Alisubiri mpaka nimalize, maana alikuwa mtu wa haki, na hakuna kesi aliyoiamua bila kusikiliza.

“Bwana karani,” akasema, “sasa tumemsikia mjomba wako.” Akarudisha mguu kwenye pedali, akaendelea kushona.