Samaki Waliobisha Hodi

Macho ya baba yalipopofuka kabisa, aliacha kula. Alikuwa amerudi Kitui kutoka Mombasa, alikofanya kazi miaka mingi katika hoteli ya ufukweni, akitunza tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Sasa alikaa sebuleni kama gunia, chakula kikipoa mbele yake. Mama akampikia muthokoi, akamchinjia kuku. Wapi! "Humu ndani kimya kimezidi," ndilo jibu lake.

Mimi si mtu wa subira. Nikamwuliza anataka nini hasa, tumletee bahari?

"Kidogo tu," akasema.

Nilikuwa mwalimu, kwa hiyo shule zilipofungwa nikamshika mkono, tukateremka pwani hadi kwa muuza samaki hai. Mimi nilivutiwa na mmoja wa njano, mwembamba kama sahani. Nikamweleza baba alivyo.

"Achana naye. Huyo hula matumbawe. Kitui utampa nini, ndengu?"

Nikamtajia mwingine wa buluu.

"Huyo atakua mpaka ashindwe kugeuka. Tangi litakaloenea sebuleni kwetu ni dogo, mwanangu. Ukimtia mle umemfunga jela."

Akamwomba muuzaji arushe chakula katika kila tangi, nami nimwambie ni nani anakikimbilia. "Asiyekula dukani hatakula nyumbani," alisema. Ulimi uliniwasha kumwuliza, na wewe je? Nikamwongoza hadi kwenye tangi lililofuata.

Kwenye tangi la mwisho akaegemeza sikio kwenye kioo. Nikasikia pia: tok. Tok-tok. Ndani mlikuwa na samaki wawili wadogo, rangi ya machungwa, wenye mikanda myeupe.

"Hawa," baba akasema. "Mume na mke. Wagumu, hawasumbui, na wanatoshea. Yule mkubwa ndiye mke. Anagonga ili mwenzake ajue mahali pake."

"Kama kwetu tu," nikasema. Akacheka, na nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Mama alitupokea kwa uso wa mawe. Kwake yeye, Mkamba wa zamani, samaki alikuwa nyoka aliyepotea njia. Na mchana, jua likichoma mabati na mji wote ukinyamaza, ile sauti ilitoka kwenye kona tulikoweka tangi: tok, tok-tok. Mama aliacha kupita hapo. "Hao si samaki," aliniambia jikoni. "Hao ni aimu. Ni wafu wetu wanabisha, wanataka kitu." Mama huyo huyo wa kwaya, mwenye Biblia iliyochakaa kwa kusomwa!

Lakini baba alikuwa akila. Akisikia mlio ule tu alinyoosha mkono kwenye sahani. "Bibi ameita," alisema. Sauti ikikosekana, hakugusa hata tonge.

Siku moja nilirudi nikakuta maji ya tangi yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Samaki wote wawili walielea ubavu. Baba alikuwa nje akiota jua. Mama alisimama kando ya tangi, kikombe mkononi.

"Nimewamwagia maziwa kidogo," alinong'ona. "Mama yangu ndivyo alivyowatuliza aimu. Mimi niliacha mambo hayo nilipookoka. Mkono umeenda wenyewe."

"Umemuua baba!" nikamwambia. Sijutii, kwa sababu ndivyo nilivyoamini.

Mama akawatoa kwa chujio la chai, akawazika chini ya mpapai.

Saa ya chakula baba aliingia, akaketi, akatega sikio. Sahani ikaanza kupoa. "Mbona kimya?" akauliza. Nikafungua kinywa nimwambie ukweli. Mama akaniwahi. Mwanamke ambaye hakuwahi kukigusa kioo kile alivuta kigoda karibu, akakigonga kioo kwa ukucha. Tok. Tok-tok.

Baba akanyoosha mkono kwenye sahani.

Basi ikawa hivyo, kila mlo, msimu baada ya msimu: mama kando ya maji matupu yanayobubujika, akigonga, baba akitafuna. Nilikuwa nikitoka nje. Sikuweza kutazama.

Karibu na mwisho wake baba aliniita. "Mama yako hugonga polepole mno," alisema. "Samaki hana adabu hiyo. Usimwambie."

Tulipomzika, tulimwaga yale maji, tukalikausha tangi, tukaweka ndengu mle ndani. Sasa mama ndiye aliyekataa kula. Nilimsihi, nikamgombeza, nikamletea mchungaji amwombee. Akaisha mpaka mifupa ya mabega ikatokeza chini ya leso.

Halafu mchana mmoja tuliketi sebuleni tukichagua ndengu, chakula chake kikiwa kando hakijaguswa. Jua lilichoma mabati. Mji ulikuwa umenyamaza.

Tok. Tok-tok.

Niliitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa ndani ya ungo. Yangu pia.

Mama hakushtuka. Aliweka ungo chini, akajifuta vumbi la ndengu.

"Nimesikia, mzee," akasema, akaivuta sahani.