Habaryar na Moshi wa Unsi

Muuguzi aliyekuja mtaani kwetu Galbet kutuelimisha kuhusu maradhi ya akili alikuwa bado anaongea pale mwenye nyumba tuliyokutania alipofukiza unsi, ubani wetu wa Kisomali uliopikwa kwa sukari. Harufu ile ya sukari inayoungua ikanirudisha utotoni, nyumbani kwa nyanya.

Habaryar, mdogo wake mama, alikuwa ameketi mkekani, mguu umefungwa kwa kamba ya ngamia. Tangu amzike mtoto wake, alikuwa halali wala haongei. Nyanya alimfukiza ili jini amtoke, akimsomea Kurani huku machozi yakimdondoka.

Nilipompelekea maziwa, habaryar akaninong'oneza, "Waambie sina jini. Namlilia mtoto wangu."

Nikamwambia nyanya. Alimtazama bintiye kwa huruma.

"Huyo ni jini anaongea," akasema, akaongeza unsi kwenye makaa.