Wakili na Pasipoti Yangu

Nilipoajiriwa kumwuguza yule mzee, binti yake, daktari huko Riyadh, alinionya: "Baba hakai." Nikadhani madam anatania. Kumbe kweli. Tangu asubuhi mzee alizunguka sebule ya ile nyumba ya mtaa wa Al-Naseem na mkongojo wake, mpaka nami nikawa sijui niketi wapi.

Kwao India alikuwa wakili mkubwa wa mambo ya katiba. Alianza kwa kuwatetea watu waliofungwa bila mashtaka, wakati mawakili wenzake waliogopa. Baadaye alisimama mara nyingi mbele ya mahakama ya juu kabisa. Walipotaka kumpa ujaji, alikataa. Lakini kesi alizoshinda hakuzisimulia. Alirudia moja tu, ya mwalimu aliyefia gerezani kabla hukumu haijasomwa.

"Ningewasumbua zaidi wale majaji," alisema.

Siku moja nilipigiwa simu kwamba mama yangu yu mahututi Mombasa. Mzee akauliza mbona siendi.

"Pasipoti anayo bosi."

"Bosi yupi?"

"Mkweo, baba."

Mkwewe aliporudi kula chakula cha mchana, alimkuta mzee anamngoja mlangoni.

"Pasipoti ya huyu binti iko wapi?"

"Kabatini, baba. Ni kwa usalama tu. Kila mtu hufanya hivyo."

"Serikali ya kwetu nayo iliniambia hivyohivyo. Usalama wa nani?"

Madam alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemshtaki mumewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi alikwenda chumbani, akarudi, akaiweka pasipoti mezani.

Siku za kungoja viza ya kutoka, kibali cha mfanyakazi kuondoka Saudia, zilinichosha. Mzee aliuliza habari za viza hiyo kila nilipompimia presha. Naye alikuwa ameng'ang'ania kurudi kwao, kuna kesi ameombwa asaidie. Madam akashindwa kumzuia, akatukatia tiketi za kupitia Jeddah, nimwangalie hadi huko.

Uwanjani Jeddah ndege yangu ilitangulia. Nilisita kumwacha peke yake.

"Unangoja nini?" akasema. "Nenda kwa mama yako."

Nilimkuta mama bado ananitambua. Aliniuliza kama nimekula. Baada ya siku chache tukamzika.

Juzi madam alinipigia. Mzee yuko mahakamani, hata simu zake hapokei. Akauliza kama nitarudi kazini. Nikasema nitafikiria. Tangu hapo natoka uani, naingia ndani, natoka tena.