Kabla Hawajabisha Hodi

Kilichoninyima usingizi kilikuwa maneno mawili: "Hakuna nafasi." Katika igizo la Krismasi la kanisa letu la ughaibuni, pale Toongabbie, nilipewa sehemu ya mwenye nyumba ya wageni anayewakatalia mama mjamzito na mumewe. Je, nikiwa mkali, akina mama wa kanisa watanisalimia tena? Nikiwa mpole, nani ataamini kwamba nimewafukuza? Nilitaka kujitoa.

Wakati huo nilikuwa na digrii mpya na kazi ya kutunza wazee. Mmoja wao alikuwa mwigizaji kutoka Uingereza ambaye maisha yake yote aliigiza watu wadogo: watumishi wa matajiri, polisi, mapadri, na mara nyingi maiti. Asubuhi moja, nikimfunga vifungo vya shati, nilimweleza shida yangu.

"Kabla hawajabisha hodi, huyo bwana alikuwa anafanya nini?" akauliza.

"Sijui. Haijaandikwa popote."

"Basi amua wewe, kijana. Mimi hata nilipoigiza maiti nilijua amekunywa nini kabla ya kufa."

Nilicheka mpaka nikakosea kifungo. "Alikuwa anakula," nikasema. "Amehudumia wageni kutwa, na chakula kinapoa."

"Ehe! Sasa unamjua."

Nilipotoka kazini nilimpigia simu mama aliyeongoza igizo. "Mama, nitakuja." Na siku ilipofika, yule mjamzito na mumewe waliposimama mlangoni wakabisha, niliwafungulia nikiwa na kipande cha chapati mdomoni. Nikakitafuna bila haraka, nikameza, ndipo nikawaambia hakuna nafasi.