Jina Alilolijua Mwenye Flashi

Sikulazimishi uniamini. Lakini usinicheke, kwa sababu dada yangu hacheki.

Nina duka la kuchapisha hapa Rangwe, kazi yangu kubwa ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha ya marehemu. Siku moja, mchana kweupe, mwanamume wa koti jeusi akanipa flashi, eti ni programu ya shangazi yake. Nani humchelewesha mfiwa? Hapa kwetu utasemwa mpaka wajukuu wako wasemwe. Nikaichomeka hivyo hivyo. Faili ikakataa kufunguka. Akasema si neno, atarudi.

Wakati huo dada yangu mdogo, Achieng, alikuwa amemkimbia mume aliyemvunja mkono, amejificha kwa rafiki yake kule Rusinga. Ni mimi tu niliyejua. Tuliandikiana barua pepe, lakini mahali alipo sikuwahi kupaandika. Mimi si mjinga, ama ndivyo nilivyodhani.

Wiki mbili baadaye yule mtu akasimama mlangoni, akaniangalia, akasema polepole, "Aduogo."

Kwa Kijaluo ni "nimerudi". Lakini pia ni jina langu la juok, jina la marehemu nililorithishwa, ambalo dani, nyanya yangu, aliniita tukiwa jikoni wawili tu. Dani tulimzika zamani. Hakuna aliye hai aliyelijua. Haya, wewe ungefanyaje? Nikavuta kiti nikakaa.

"Aduogo, dani amenijia ndotoni," akasema. "Analia. Anauliza Achieng yuko wapi."

Nikamwambia. Kwa mdomo wangu huu. Nikamtajia hadi rangi ya geti, na nikamshukuru.

Kesho yake mume akafika kwenye geti hilo. Majirani walimwokoa Achieng, lakini jicho lake la kushoto halioni tena.

Fundi alipoipekua kompyuta yangu, alikuta kitu kimejificha ndani, kimeingia na ile flashi. Kilinakili kila herufi niliyobonyeza na kumpelekea yule mwenye flashi. Barua zetu zote alizisoma, hata pale tulipomlilia dani.

"Neno lako la siri ni gani, madam?" fundi akauliza.

Lilikuwa Aduogo. Nililiandika kila asubuhi, nikijiambia jina la marehemu hakuna wa kuliiba. Ila usiniulize yule mtu alijuaje kwamba ni jina langu.

Siku hizi flashi ya mtu haigusi mashine yangu, hata akilia machozi ya damu. Wanasema nina roho mbaya. Waseme. Achieng nikimpigia simu ananijibu "sawa", basi, anakata.

Nawe endelea kuchomeka vitu vya watu kwa sababu ya huruma. Nakuachia neno moja, nililolielewa nikiwa nimeshachelewa. Kama kweli dani ndiye aliyemtuma, hangeuliza Achieng yuko wapi. Wafu wanajua tulipo. Anayeuliza ni mtu.