Ukungu FC Yashuka Handeni

Jirani zangu wa Manundu, Korogwe mjini, wanasema mtu mwenye akili hasafiri kwenda kutazama viwanja visivyo na hata benchi. Sawa, akili sina. Mpwa wangu Saidi ni beki wa Ukungu FC ya Bungu, na wakishinda mechi yao ya mwisho kule Handeni wangepanda daraja kwa mara ya kwanza. Kocha wao, Mzee Shemkai, aliyewalea tangu wakiwa watoto, alishatangaza kwamba baada ya mechi hiyo anapumzika kufundisha. Nilitaka niwepo.

Jumamosi asubuhi nilipitia kwanza uwanja wetu wa Manundu. Hapo Sokoni FC hufanya mazoezi kabla wachezaji hawajaenda kufungua vibanda vyao. Ni vumbi na kelele tu, nami naupenda hivyo hivyo.

Mchana bodaboda ilinifikisha Bungu, baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Uwanja wa Ukungu umekatwa ubavuni mwa mlima, na upande mmoja ni bonde tupu. Mpira ukitoka upande huo, aliyeutoa ndiye anayeufuata, na mazoezi yanasimama mpaka arudi. Ndiyo maana vijana wa Bungu hawabutui. Wanaukanyaga mpira mstarini, wanageuka, wanapasiana kwenye nafasi ambayo mimi nisingepitisha hata mwiko.

"Shikamoo kocha. Na wakibanwa?"

"Marahaba. Wakibanwa wanatulia," alijibu Mzee Shemkai, macho yakiwa uwanjani. "Hapa kwetu kutoa nje ni aibu."

Jumapili tulishuka na Fuso hadi Korogwe, tukashika njia ya Handeni, vijana wakiimba kwa Kishambaa mpaka sauti zikakauka. Uwanja wa Handeni ni tambarare, mwekundu na mpana. Wenyeji, Mahindi Stars, walitupokea kwa ugali, maharage na utani.

"Kula, mwanangu," mama mpishi alimwambia Saidi akimwongezea mboga. "Huku hakuna mlima wa kujifichia."

Ukungu walipata bao mapema, wakalilinda mpaka dakika za nyongeza. Ndipo mpira ukamfikia Saidi karibu na mstari, washambuliaji wawili wanamjia mbio.

"Toa nje!" nilipiga kelele.

Akaukanyaga, akageuka kama yuko kwao. Wakampokonya, wakafunga. Refa akapuliza filimbi ya mwisho. Sare, na sare haikutosha. Niliumia, sitaki kudanganya.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba. Saidi alikaa chini kwenye bodi la Fuso, kichwa magotini.

"Mjomba, nafasi ya kutoa nje niliiona kabisa," alisema. "Mguu ukakataa."

Tulipokaribia Korogwe, Mzee Shemkai alisimama, akashikilia bomba la bodi.

"Nimewakataza kutoa nje tangu hamjaota ndevu," alisema. "Sasa kazi ya kuwafundisha kutoa nimwachie nani?"

Vijana wakainua vichwa.

"Nauliza, nimwachie nani? Jumanne mazoezini, wote. Na wewe Saidi uwahi."

Saidi alifunika uso kwa jezi, akalia waziwazi. Mwenzake mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaudaka, kwa sauti kubwa kuliko ile ya asubuhi. Mimi nilidhani vijana wale walikwenda Handeni na hofu ya kukosa daraja. Nikiwasikiliza pale ndipo nilipojua kwamba hofu yao ilikuwa kumkosa mzee.