Sahani Tatu za Kiseli

Nina hasira na Vadim mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha. Mimi Taisia nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Siku ya arobaini ya baba yake nilikuwa mezani, nimekaa karibu na jiko, nikaona kila kitu kwa macho yangu. Sasa mjini wanasema mama yake kachanganyikiwa kwa msiba, kamfukuza mwanawe wa pekee kwa sababu ya sahani ya uji. Haukuwa uji. Ilikuwa kiseli, na Vadim anaijua tofauti yake kuliko mtu yeyote.

Mama yake ni Faina Prokopyevna, jirani yangu kwa miaka hamsini na minne sasa. Alizaliwa katika nyumba ile ile anayoishi, nyumba ya magogo aliyoijenga baba yake, na hati zina jina lake. Robo nzima ya nyumba ni jiko la matofali, na juu yake analala mtu mzima na mgongo ukapona. Faina alipika kwenye shule yetu miaka thelathini na moja, mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Ni mtu wa maneno machache. Yeye husema kwa sufuria.

Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa akibeba nyama ya watoto kwenda nayo kwake. Wote tulijua, wote tulinyamaza. Siku moja saa ya chakula akaja kukaa kwenye meza yake, watoto wamejaa ukumbini, na Faina akamwekea sahani tupu, imeoshwa ikang'aa, kijiko pembeni, uma pembeni. Akarudi zake jikoni. Yule bwana alikaa na sahani ile mpaka kengele ikalia, na nyama haikutoka tena shuleni.

Hata mumewe, Arseny dereva wa trekta, aliishi kwa kusoma sahani. Akilewa akavunja kitu, uji wa asubuhi unakuja mkavu, bila siagi. Uji ungeweza kuja mkavu mwezi mzima. Kisha siku moja utamsikia anapiga kelele uani kwangu, kafurahi kama kaokota ng'ombe: "Taisia, leo nimepewa siagi. Nimesamehewa." Walikaa hivyo miaka hamsini na moja. Sisemi walipendana kila siku, ila walielewana.

Sasa hiyo kiseli. Wenzetu wa mbali wana msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huku kaskazini hatumpi mgeni jembe, tunampa kiseli. Unaloweka unga wa oti kwenye maji ya vuguvugu, unatupia ganda la mkate mweusi, unauacha karibu na jiko siku mbili uchachuke. Unachuja, unapika yale maji huku unakoroga bila kupumzisha mkono, unamimina kwenye sahani, unaweka kwenye ghala la baridi. Inaganda mpaka inakatwa kwa kisu. Inaliwa na maziwa, na inaliwa mwisho kabisa. Iwe harusi, iwe msiba, kiseli ikifika mezani maana yake chakula kimekwisha, mshukuru, mtafute kofia zenu. Hakuna anayeambiwa toka, na hakuna anayebaki.

Vadim alilijua hilo tangu mdogo, na alilichukia. Alipenda wageni. Bibi yake akitoa kiseli, yeye anaificha sahani yake chini ya benchi, akiamini kwamba mtu asipoionja hajafukuzwa, na yeye asipoionja basi wageni watakaa. Tulicheka mpaka machozi. Arseny alikuwa akimwambia, "Haya, ficha na yangu, mwanangu, tulale hapa hapa."

Arseny alifariki mwishoni mwa Agosti, akiwa anapasua kuni. Baada ya wiki moja Vadim akapiga simu kutoka mjini. "Mama, majira ya baridi utakuja kwetu. Nyumba tutaiangalia." Faina, ambaye hata kula alikuwa hali, akajibu, "Fanyeni mnavyoona." Neno la mtu aliye kwenye msiba. Vadim akalibeba kama mkataba.

Asubuhi ya arobaini tulikuwa jikoni mimi na Faina tangu alfajiri. Kulikuwa na ngano ya kuchemsha kwa asali, blini, yaani chapati za maji zetu, supu ya kabichi kwenye chungu ndani ya jiko, na nyuma yake mkate wa samaki: samaki mzima, kichwa na mkia, amefunikwa kwa unga na kuokwa. Kiseli ilikuwa imeganda ghalani tangu jana. Inga, mke wa Vadim, akaingia na mkoba wake, viatu hajavua.

"Mama, baada ya chakula kuna karatasi ndogo ya kusaini."

"Karatasi ya nini?"

"Ya nyumba. Si ulikubali? Mnunuzi tumempata, mtu mzuri sana. Chumba chako mjini tayari, tumekipaka rangi."

Inga akatoka. Nilitaka kusema, Mungu anajua nilitaka, lakini nikaambiwa na moyo kwamba haya ni ya mtu na mwanawe. Faina akaendelea kupaka blini siagi kwa unyoya. Mwisho akasema bila kunitazama, "Labda ni kweli, Taisia. Kuni nitapasuliwa na nani?"

"Nitakupasulia mimi, shoga."

"Wewe? Shoka litakubeba wewe."

Tukacheka kidogo. Lakini niliona amekwisha kukubali. Mabega yake yalikuwa yamelegea. Angesaini, naapa angesaini, akapanda gari lao jioni ile.

Tukakaa mezani watu wanane. Vadim na Inga. Leonty, kaka wa marehemu, mzee wa miaka themanini na moja anayesikia anachotaka. Vikongwe wawili wa kijijini. Faina na mimi. Na mwanamume mmoja mnene, shati jipya, ambaye Vadim alimtambulisha hivi: "Huyu ni Stanislav. Alifanya kazi na baba zamani."

Arseny hakuwahi kufanya kazi na mtu wa jina hilo. Miaka yote alifanya kazi na trekta moja na mtu mmoja, na mtu huyo ni mume wangu. Nikamtazama Faina. Alikuwa anamwekea mgeni blini tatu, za moto, za juu kabisa. Rafiki wa marehemu ni mtu mkubwa siku ya arobaini.

Mbele ya picha ya Arseny kulikuwa na glasi yake ya vodka imefunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Tukala ngano vijiko vitatu vitatu. Tukasimama, tukanywa glasi ya kwanza kimya. Kwa marehemu hatugonganishi glasi. Kugonganisha ni kwa furaha, kwa harusi na kwa biashara iliyokubalika, na hata mtoto wa shule anajua.

Leonty akaanza hadithi ya siku Arseny alipozamisha trekta mtoni. Vikongwe wakawa wanajipangusa macho. Stanislav hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama jiko, kutoka chini hadi darini, kisha ukuta, kisha jiko tena, kama mtu anayepima kitambaa. Akainama kwa Vadim. Alidhani ananong'ona, lakini watu wanene wakila hawawezi kunong'ona.

"Hili tunalivunja lote. Hapa panakaa meza ya biliadi."

"Wewe tu," akasema Vadim. "Ikishasainiwa ni yako."

"Basi kwa mwanzo mwema."

Wakagonganisha glasi zao.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Leonty akanyamaza katikati ya mto. Vadim akaishusha glasi haraka, akatazama picha ya baba yake, akatazama meza. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Mnunuzi. Walikuwa wamemleta mnunuzi kwenye arobaini, wamemvika urafiki wa marehemu, wamemlisha blini za marehemu. Ningekuwa mimi ningemwagia mtu supu, na nisingejuta.

Faina alikuwa mbele ya jiko, mgongo kwetu, uma mrefu wa chuma wa kuvutia vyungu mkononi, chungu cha supu kimefika mdomoni mwa jiko. Alisimama vile muda mrefu. Kisha nikasikia chungu kinakwaruza matofali. Alikuwa anakisukuma kirudi ndani. Akaufunga mlango wa jiko, akaegemeza uma ukutani, akafuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akatoka kwenda ghalani.

Akarudi na sahani tatu za kiseli.

Moja akaiweka mbele ya Stanislav. Moja mbele ya Inga. Ya tatu akaiweka mbele ya Vadim, na kijiko, na kikombe cha maziwa, vizuri kabisa, kama anavyowekewa mtu anayeheshimiwa. Sisi wengine hakutuwekea kitu.

Leonty akatazama mbele yake pakavu. "Shemeji, na mimi?"

"Wewe subiri supu, shemeji. Na samaki yupo."

Kikongwe mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Nilimtazama Vadim akiwa mwekundu kuanzia shingoni, na sitasema uongo, nilifurahi.

Mtu wa mjini hajui. Inga alionja, akasema si mbaya, ila ingetiwa sukari. Stanislav alikuwa ameshafika nusu ya sahani.

"Mama mwenye nyumba, mikono yako ina baraka. Na hiyo harufu ya samaki ndiyo inayofuata?"

"Kwako hakuna kinachofuata," akasema Faina.

"Sijaelewa."

"Vadim atakueleza. Amekulia hapa."

Vadim akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usifanye hivi mbele za watu."

"Wewe ulifanya mbele ya nani?" Akaionyesha picha kwa kidevu. "Nilikuwa tayari kusaini, Vadim. Hata kalamu ningekuomba. Ungeniambia tu kwamba huyu ni mnunuzi, ningemlisha kama mnunuzi."

"Mama, karatasi—" akaanza Inga.

"Karatasi rudisha mkobani, binti yangu. Usije ukaichafua."

Stanislav si mjinga. Aliweka kijiko chini, akamtazama Vadim, akaona kila kitu usoni pake. Akanyanyuka, akachukua koti, akasema atasubiri garini. Inga akamfuata, visigino vikipiga sakafu. Vadim hakunyanyuka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mvi zimeanza, na mikono yake ilikuwa imeishika ile sahani. Hakuwa ameigusa kiseli hata kwa ncha ya kijiko. Akaisukuma polepole kwenye ukingo wa meza, upande wa benchi.

Sote tuliokuwa pale tulizikumbuka zile sahani alizoficha utotoni. Leonty alifumba macho. Hata hasira yangu ilisita, ingawa kwa kitambo kidogo tu.

Faina akazunguka meza. Akaishika sahani kwa vidole viwili, akairudisha mbele yake.

"Kula, mwanangu."

"Mama."

"Kula."

Akala. Alikula yote, bila maziwa, akimeza kwa shida kama dawa, na mama yake alisimama pembeni mpaka kijiko kikakwangua sahani. Vadim akasimama, akaiinamia picha, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Nije lini?"

"Njoo siku utakayokuja kula."

Gari likaondoka. Faina akafungua jiko, akavuta chungu, akatupakulia supu, Leonty wa kwanza. Akaleta mkate wa samaki, akaukata kifuniko chake, mvuke ukapanda mpaka kwenye picha. Nilidhani atalia. Alionja, akasema chumvi imepungua, akakaa. Tulikula mpaka kukawa hakuna kitu ila miiba, na Leonty akaitoa trekta mtoni.

Majira ya baridi yote kuni zilipasuliwa na mjukuu wa mmoja wa wale vikongwe, kwa malipo ya maandazi ya kabichi. Vadim hakuja. Alipiga simu mara mbili, Faina akamuuliza habari za afya. Mimi nilimwambia shoga yangu amefanya sawasawa, na usiku mwingine nikajiuliza ningeweza kumtazama mwanangu akimaliza sahani ile. Nisingeweza. Hilo nalo linanitia hasira.

Kesho ni mwaka tangu Arseny atutoke. Jana Vadim kapiga simu kwamba anakuja. Leo asubuhi Faina kaniita uani.

"Taisia, mwambie yule kijana wa kuni anitafutie samaki. Mkubwa, mwenye nyama."

"Vadim kasema anakuja peke yake?"

"Hakusema."

Nikamfuata jikoni kuchukua pesa ya samaki. Karibu na jiko kulikuwa na ndoo ya mbao imefunikwa kitambaa, na harufu yake nikaijua kabla sijafunua.

"Umeloweka oti."

"Tangu jana," akasema Faina, akifunika vizuri. "Kesho itakuwa tayari. Sijui anakuja na nani."